Namba Arobaini na Tatu

Barua zilikuwa kumi na moja.
Nilizichapisha kwa Waiswa, kibandani nyuma ya hosteli,
shilingi mia mbili kwa ukurasa, wino wake wa kijivu
ukififia kila aya kama mtu anayesinzia.
"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo,
naomba nafasi ya kujifunza kazini."
Naomba. Neno hilo niliandika mara kumi na moja
hadi likaacha kuona haya.

Nambozo alipata Jinja, kwenye mitambo ya maji,
akatutumia picha ya kofia yake ngumu
kabla hajatutumia salamu.
Kabasinguzi alipata barabara, huko Kasese.
Mimi nilipata "tutakupigia."
Aprili nzima simu ilinyamaza. Mei ikaungana nayo.
Mjomba akasema yupo mtu anayemjua mtu.
Mtu wa kwanza alitaka kunipigia usiku.
Wa pili sikumfikia.

Ile ya kumi na moja niliipeleka mwenyewe, Tororo,
kwa miguu kutoka stendi, mwamba mkono wa kushoto,
hadi kwenye geti la kiwanda cha saruji.
Mlinzi alitazama bahasha, akatazama mkoba:
"Chakula umemletea nani?"
"Mkuu wa matengenezo," nikasema. "Kimo ndani ya bahasha."
Akafungua.

Jumatatu ya kwanza ya Juni.
Buti ni arobaini na tatu; mguu wangu ni thelathini na nane.
Bohari hawana ndogo. Hawajawahi kuombwa.
Namba tano za katikati nilizijaza gazeti,
ukurasa wa nafasi za kazi,
ndio uliokuwa mezani.
Choo kiko kwa makarani, ng'ambo ya uwanja,
dakika sita kwenda, sita kurudi,
na fundi Okecho akitazama saa
kana kwamba kibofu changu ni mali ya kampuni.

Wiki mbili nilishika tochi.
Nilifagia vumbi lililorudi palepale
kabla ufagio haujageuka.
Usiku nilipenga kamasi ya kijivu,
nikafua, nikalala bila kuota.

Mama ana mashine ya kusaga, Kisoko.
Miaka kumi na minane nimelala ubavuni mwake.
Najua inavyonguruma ikishiba,
najua ule mluzi mwembamba
unaoanza siku tatu kabla beringi haijafa,
Mama anapoacha kupepeta, akainua kichwa
kama aliyesikia akiitwa.

Alhamisi, chini ya feni kubwa ya tanuri, niliitwa mimi.

"Beringi ya upande wa mota," nikasema.
Okecho akaweka kipimo. Sindano ikatulia kwenye kijani.
Wakacheka, si kwa ubaya, wakaenda kula maharage.
Nikabaki nimekita bisibisi kwenye chuma,
mpini sikioni,
nikiisikiliza Kisoko.

Sijui kama niko sahihi. Watafungua Jumapili,
na huenda ikatoka nzima, inang'aa,
ikinicheka nayo.
Ila jioni Okecho alirudi peke yake, kijiti mdomoni,
akanipokonya bisibisi bila neno,
akainama, akafumba macho.
Alikaa hivyo muda mrefu.
Kisha akafungua kitabu cha zamu, akaandika saa,
akaandika feni namba mbili,
akaandika "imeripotiwa na," kalamu ikakwama.
"Hivi wewe unaitwa nani?"

Athieno, nikasema. Nikamtajia herufi moja moja,
kwa sababu ya kelele.

Leo nimebadilisha gazeti la buti.
Lile la kwanza lilikuwa limelowa jasho,
na kwenye soksi yangu nyeupe, kinyumenyume,
imejichapa: wahandisi wanahitajika.